Kompyuta Ilisema Nini Hasa? Nilivyotafuta Ugonjwa wa IST Yangu

Taa ya injini iliwaka tena nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, siku ya nne tangu nilipe shilingi 120,000 za sensa ya oksijeni na ufundi. Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, limetembea Japani kwanza kama mengi yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Likisimama kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lilitetemeka kama mtu mwenye homa, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ukipanda na kushuka, na petroli niliyozoea kuitumia siku nne ilikuwa inaisha siku ya tatu.

Fundi niliyempelekea mara ya kwanza alichomeka mashine yake chini ya usukani, akanionyesha kioo kimeandika msimbo wa hitilafu, P0171, akasema, "Mwalimu, kompyuta imesema oksijeni sensa." Akafunga nyingine ya mtumba, akafuta msimbo, taa ikazimika, nikalipa nikashukuru. Kitu kimoja tu nilikifanya kwa mazoea niliyorithi kwa baba: nilidai spea yangu ya zamani. Akanifungia kwenye gazeti, nikaiweka droo ya jikoni.

Nilipomrudia alisema basi itakuwa pampu ya mafuta, na kama si pampu ni nozeli, zile zinazonyunyizia injini petroli. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli, maana pampu na nozeli nne si pesa za mshahara wa mwezi mmoja. Nikamwomba anipe siku chache. Nafundisha fizikia, na kila muhula nawakataza wanafunzi kuandika jibu kabla ya kupima. Nikaona haya kuwa mimi mwenyewe nimelipia jibu ambalo hakuna aliyelipima.

Nilianza kwa kununua kile kidude kidogo cha bluetooth cha ELM327, cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16, pamoja na programu ya Torque kwenye simu. Kikawaka taa, simu ikakiona, lakini gari halikujibu neno. Nilikaa kwenye kiti cha dereva saa nzima nikizima na kuwasha, nikiamini nimeuziwa kibovu. Baadaye nikaelewa: magari ya Marekani yalilazimishwa kufuata OBD-II, utaratibu wa pamoja wa kuzungumza na kompyuta ya gari, tangu modeli za 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001, lakini magari ya miaka hiyo yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe mara nyingi hayaanzi mazungumzo kwa salamu ile ile. Soketi ni moja, pini ni zile zile, ila kompyuta inasubiri kuitwa kwa namna yake.

Wakati bado natafuta namna ya kuliita, nilijaribu njia ya zamani ya Toyota. Kwenye soketi ile, pini namba 13 inaitwa TC na namba 4 ni CG, yaani ya bodi. Ukiziunganisha kwa kipande cha waya na kuweka funguo kwenye ON bila kuwasha injini, taa ya injini inaanza kukonyeza. Nilizihesabu pini mara tatu kabla sijagusa, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiiunganisha na bodi kwa bahati mbaya utakuwa umeunguza fyuzi au zaidi ya fyuzi. Taa ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara tano. Ikarudia. Mbili, tano. Nilimwita mke wangu aje aone. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi akihesabu pamoja nami. Ishirini na tano.

Sasa nilihitaji kitabu. IST ya kizazi kile iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, injini hiyo hiyo 1NZ-FE, na vitabu vya ufundi vya Toyota, Lexus na Scion kwa Kiingereza vipo kwenye tovuti ya huduma ya Toyota ya huko, ambako unalipia muda wa kusoma. Binamu yangu anayeishi Houston alinilipia siku mbili. Usiku wa kwanza sikulala. Nilichukua kurasa za misimbo, za mfumo wa hewa, za nyaya, na za vipimo vya kukaza bolti. Tofauti zipo: usukani wao uko kushoto, na baadhi ya vifaa vya kuzuia mvuke wa petroli vilivyochorwa humo kwangu havipo. Kwa hiyo nilikuwa nafananisha kila mchoro na kilichopo mbele yangu kabla ya kuuamini.

Namba 25 ya kukonyeza ni jina la zamani la Toyota la P0171 ile ile, na ukurasa wa P0171 ndio ulionifungua macho. Maana ya msimbo ule ni kwamba mchanganyiko ni mwepesi mno: hewa nyingi, petroli kidogo. Basi. Hautaji spea yoyote. Chini yake kuna orodha ya mahali pa kushuku: mfumo wa kuingiza hewa, mpira wa PCV, nozeli, kipima hewa, sensa ya joto la maji, presha ya mafuta, ekzosi inayovuja, na sensa ya oksijeni. Halafu zinafuata hatua za kupima, na hatua ya kwanza ni kukagua njia ya hewa. Sensa ya oksijeni imo, ila huko mbali. Ndiyo iliyoleta habari, kwa hiyo fundi akamshtaki mleta habari. Kompyuta haikusema oksijeni sensa. Ilisema kuna hewa isiyojulikana ilikotoka.

Jioni iliyofuata ELM327 ikakubali. Ndani ya Torque, kwenye mipangilio ya gari, kuna nafasi ya kuandika amri za kuanzishia mawasiliano. Nikaandika zile zinazotumika kwa Toyota za Japani, na namba zikaanza kumiminika. Vidude vingi vya bei ndogo ni nakala, na baadhi havielewi amri zote, kwa hiyo kabla ya kununua muulize muuzaji kama atakubali ukirudishe.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, niliangalia joto la maji na joto la hewa. Gari likilala usiku kucha, vyote viwili lazima vikaribiane na hali ya hewa ya nje. Vilikuwa 27 na 28. Vizuri, hakuna sensa ya joto inayodanganya. Nikawasha, nikasubiri injini ipate joto lake, feni ikaingia na kutoka, ndipo nikaangalia namba nilizokuwa nazitafuta: marekebisho ya mafuta.

Hapa inafaa nieleze taratibu, kwa sababu ndipo ilipo hazina yote ya kifaa hiki. Kompyuta inapima hewa inayoingia, inakadiria petroli ya kulingana nayo, takriban gramu 1 kwa kila gramu 14.7 za hewa. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi inairudishia jibu: volti karibu 0.1 maana yake kuna oksijeni iliyobaki, yaani petroli haikutosha; karibu 0.9 maana yake petroli imezidi. Kompyuta inaongeza au kupunguza. Marekebisho ya muda mfupi ni yale ya papo hapo. Ya muda mrefu ni yale iliyokwisha yazoea. Gari lisilo na ubovu huchezacheza karibu na sifuri. Langu kwenye sailensi lilikuwa limezoea kuongeza asilimia 23, na bado papo hapo linaongeza nyingine 8 hadi 12.

Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo. Namba zikashuka, jumla ikawa asilimia 6.

Nilizima gari nikakaa kimya. Kama ingekuwa pampu dhaifu au nozeli zilizoziba, hali ingezidi kuwa mbaya kadiri injini inavyodai mafuta mengi. Yangu ilikuwa inapata nafuu. Tundu la ukubwa fulani linaingiza hewa ya kiasi fulani: injini ikiwa kwenye sailensi inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa, ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Nilikuwa na tundu mahali fulani baada ya kipima hewa. Hii ni hesabu ya kidato cha pili, na ingeniokolea shilingi 120,000.

Kuna rekodi nyingine ambayo ningeitumia siku ya kwanza. Msimbo unapojiandika, kompyuta inapiga kama picha ya hali ya gari wakati ule: joto, mizunguko, mwendo. Ukifuta msimbo, picha nayo inafutika. Fundi aliifuta ya kwanza bila kuisoma. Hii ya pili niliisoma: joto 88, mizunguko 690, mwendo sifuri. Foleni ya Ubungo, kama nilivyokuwa. Tangu siku ile nikiona mtu anataka kufuta namshika mkono, naomba kwanza tuandike.

Jumamosi nikafungua boneti na karatasi zangu zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wengi hutafuta uvujaji kwa kupuliza kemikali ya kusafishia kabureta wakati injini inaunguruma. Sikutaka, ile inashika moto, na ekzosi iko pale pale. Nilitumia chupa ya kunyunyizia maji ya mke wangu ya kupigia pasi, na kipande cha mpira nilichoweka sikioni kama kipimo cha daktari. Nilinyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi, bomba linaloigawia injini hewa, mbali na koili na viunganishi vya nyaya. Hakuna kilichobadilika. Kwa mpira nikasikia mluzi mwembamba, lakini ulikuwa chini ya kasha la eakilina, yaani kichujio cha hewa, ambalo kwenye injini hii limelala juu kabisa.

Nikazima, nikaacha ipoe, nikatoa kasha lile kwa mpangilio wa kitabu. Chini yake ukapita mpira wa PCV, ule unaorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye manifoldi. Kwa juu ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Nilipoukunja kwa vidole, upande wa chini kwenye kona ukafunguka kama mdomo. Ufa wa urefu wa kucha.

Nilikwenda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea hapa Dar es Salaam, na kipande chenyewe mkononi. Muuzaji wa kwanza alinipa mpira wa maji wa saizi ile ile. Nikaurudisha: mvuke wa oili unalainisha mpira wa kawaida, na kwenye mvuto ule utajikunja na kujifunga. Duka la tatu nikapata wenyewe, umekunjwa kiwandani kwa kona ile ile, shilingi 18,000.

Kwa kuwa kasha lilikuwa limeshatoka, nilitoa na plagi nizikague. Zilikuwa zimekazwa kiasi kwamba nilisikia mlio wa kutisha kwenye kichwa cha aluminiamu. Kitabu kinasema nyutoni-mita 18 tu. Nikaazima spana ya kupimia nguvu kwa jirani anayetengeneza jenereta, na mkono wangu ukashangaa jinsi 18 ilivyo kidogo.

Nikawasha. Homa imekwisha. Sailensi ikatulia kwenye 700, na marekebisho ya muda mrefu yakaanza kushuka: Jumapili 14, Jumatano 5, wiki iliyofuata 2.

Si kila ukurasa niliochapa nitauthubutu. Wa mifuko ya hewa ya usukani unaagiza kutoa waya hasi wa betri na kusubiri sekunde zisizopungua 90 kabla ya kugusa chochote, na mimi hata baada ya hizo 90 sigusi. Hiyo ni ya mwenye mafunzo. Breki za ABS vilevile. Fundi yule nilimpelekea nakala ya ukurasa wa P0171. Aliusoma wote akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, halafu akaniuliza kama ninao wa Vitz.

Lilibaki jambo la droo. Sensa ya mtumba ilikuwa inafanya kazi, ila kwa mchoro wa Torque ilikuwa mvivu: nikishikilia 2,500, kwa sekunde kumi ilipanda na kushuka mara tatu au nne. Nikaifungua ile ya asili kutoka kwenye gazeti, nikaifunga kwa nyutoni-mita 44, nikapasha injini, nikashikilia 2,500 na kuanza kuhesabu. Ilipanda na kushuka mara tisa.