Mafla za dukani kwenye Mustang GT: farasi hawaongezeki, unanunua sauti

Gari ni Ford Mustang GT ya 2012: V8 ya lita 5.0, gia sita za mkono, difu (gia ya ekseli ya nyuma) yenye uwiano wa 3.31. Mafla zake (sailensa, kwa waliozoea jina hilo) nimezibadilisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilichagua kwa masikio bila kupiga hesabu.

Suala la nguvu tulimalize mapema. Injini hii ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 412. Mafla za nyuma ya ekseli ziko mwisho wa njia. Moshi ukifika pale umeshapita kwenye katalisti (kichujio cha gesi chafu) na umeshapoa, na kinachouzuia ni kidogo. Atakayekuahidi farasi 20 kwa kubadilisha mafla peke yake, mwulize amepimia wapi. Utapata wachache ambao hutawahisi ukiwa kwenye usukani. Gari likinguruma zaidi, dereva hudhani linakimbia zaidi, na biashara nyingi hapa inaendeshwa na dhana hiyo.

Kwa hiyo angalia tumbo la mafla. Zile za vyumba, ambazo Flowmaster walijijengea jina nazo, zina mabati yaliyochomelewa ndani. Mawimbi ya sauti hugonga ukuta, hurudi, mengine huuana. Hazina pamba ya kuungua, na zinatoa ule mkoromo mzito wa V8 ya Kimarekani. Zile za kupita moja kwa moja, kama nyingi za MagnaFlow na Borla, zina bomba lenye matundu katikati, limezungushiwa nyuzi za kioo au za chuma. Nyuzi humeza makali ya juu vizuri, besi huzishinda. Ukinunua za bei ya chini, nyuzi huungua na kupeperuka polepole, na mafla iliyoanza kwa adabu huishia kupiga kelele.

Nilianza na za vyumba. Mjini zilikuwa tamu. Barabara kuu zilitoa mvumo usiokoma, ule unaokaa kifuani na kukuzuia kuzungumza na aliye kando yako. Sababu yake inahesabika. Uwiano wa gia ya sita ni 0.65, difu 3.31, tairi lina kipenyo cha inchi 27 na kidogo. Kwa maili 70 kwa saa injini inazunguka kama mara 1,850 kwa dakika. V8 huwaka mara 4 kila mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini). Zidisha 1,850 kwa 4, gawa kwa 60: mapigo 123 kwa sekunde. Hiyo ni besi inayopita kirahisi kwenye mafla isiyo na kitu cha kuimeza, na kibanda cha gari kinaipokea kama ngoma. Mwenye difu ya 3.73 atakuwa kwenye mizunguko 2,090 hivi, mapigo 139, kwa hiyo mafla ileile inaweza kumtesa mmoja na kumwacha mwenzake. Sifa za mtu mwenye difu tofauti na yako hazikusaidii.

Seti ya pili ilikuwa ya kupita moja kwa moja, yenye mwili mrefu kuliko ile ya kwanza. Mvumo ulipungua, haukuisha. Kilichoumaliza ni bomba la pembeni lililozibwa upande mmoja, lenye umbo la herufi J, moja kila upande, limechomelewa kwenye bomba kubwa kabla ya mafla. Wimbi linaingia, linagonga kizibo, linarudi likiwa limechelewa nusu ya mpigo, linaliua lile linalokuja. Urefu wake ni robo ya wimbi: kasi ya sauti gawa kwa mara nne ya mapigo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanatumia kasi ya sauti kwenye hewa ya kawaida, mita 343 kwa sekunde, wanapata sentimita 70. Ndani ya bomba ni moto. Nikikadiria joto la nyuzi 150 za Selsiasi, kasi ni kama mita 410, na urefu unakuwa sentimita 83. Mdomo wa bomba nao huongeza sentimita moja au mbili za bure, kwa hiyo nilikata 81. Kabla ya kuchomelea kizibo moja kwa moja, kifungie kwanza kwa klempu kwenye kipande kinachoteleza, uendeshe, usogeze sentimita mbili mbele au nyuma, usikilize tena. Mkia wa J uwe mbali na mpira wa breki, tangi la mafuta na shafti.

Kufunga mafla zenyewe ni kazi ya saa mbili. Gari lipande kwenye stendi nne, jeki peke yake usiiamini. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Klempu ya kiwandani kwangu ilifunguka kwa soketi ya 15. Raba za kuning'inizia zipake maji ya sabuni. Ukitumia nguvu bila sabuni utapinda ndoano. Bomba liingie sentimita 5 ndani ya lingine na mkato wa kubania, ule mpasuko wa mwisho wa bomba, ufunikwe wote. Tumia klempu pana ya mkanda. Ile ya U hulibonyeza bomba, halafu siku ya kulitoa unaishia kulikata kwa grainda.

Usikaze mpaka mwisho kabla ya kupanga pande zote mbili. Kaza nusu, rudi nyuma hatua tano, tazama ncha zikilingana na bampa, kisha maliza. Acha nafasi ya sentimita 1.5 kati ya ncha na bampa: bomba la mita 2 la chuma cha pua cha daraja la 304 likipanda joto kwa nyuzi 300 hurefuka karibu sentimita moja, na injini nayo hutikisika. Bila nafasi hiyo, bampa la plastiki litayeyuka.

Vihisi vya oksijeni viko mbele huko kwenye katalisti, hivyo taa ya injini haitawaka. Katalisti zenyewe usiziguse, sheria ya Marekani hairuhusu kuziondoa. Ukiwa California, kikomo cha gari dogo ni desibeli 95.

Huku Ohio, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kila baridi, chuma cha 304 kinastahili bei yake. Cha 409 hupata kutu ya juu ya rangi ya kahawia. Kitadumu kiasi, lakini hushikwa na sumaku: sumaku ikinata kwa nguvu, jua hukuuziwa 304 ya kweli. Kutu nyingine hutoka ndani: lita moja ya petroli ikiungua huacha karibu lita moja ya maji, na safari fupi haziyakaushi. Tundu dogo la chini ya mafla ni la kuyatoa hayo, usilizibe ukidhani linavuja.

Washa gari nje mara ya kwanza, maana mafuta ya kiwandani yatafuka kwa dakika kumi hivi. Baada ya maili 100 rudia kukaza klempu zikiwa baridi. Ukiona masizi meusi kwenye kiungo, hapo panavuja: legeza, zungusha kidogo, kaza upya.