Visu vitatu vya kukunja na kidole kimoja

Mi navua kwa mshipi huku Mikindani na mjomba, kisu cha kukunja hakitoki mfukoni, na mpaka sasa nimeshapitia vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha springi tu, hakina loki, ukishakifungua kinashikiliwa na bati la mgongoni basi. Kukata chambo safi, kumenya chungwa safi, ila siku moja namchoma pweza katikati ya macho ncha ikagoma, nikakandamiza, kisu kikajikunja kikanikuta kidole cha shahada. Damu mpaka kwenye chambo. Mjomba ananitazama, "Mpwa, hicho cha kumenyea maembe, huku umekileta cha nini?" akanifunga kitambaa akaendelea na mshipi wake, hata pole hakuna.

Nikanunua chenye loki ya kibati cha ndani, ukifungua kile kibati kinasogea chenyewe kinakaa nyuma ya bapa, yaani lile chuma lenye makali, lisijikunje. Mtindo huo aliuboresha Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980 na utamu wake ni mkono mmoja, kushoto umeshika mshipi kulia unafungua na kufunga. Sasa njoo kwenye mchanga wa ufukwe wa Msangamkuu! Punje zinaingia pale kibati kinapokaa, hakifiki mwisho, we unaona kisu kimefunguka kumbe loki imeshika kwa ukucha tu. Tena kukifunga lazima dole gumba lipite kwenye njia ya makali, na mi kidole changu bado kilikuwa na kumbukumbu. Mpini wake ulikuwa aluminiamu, juani unaunguza, ute wa pweza ukigusa unateleza kama sabuni, halafu chumvi ikafanya yake, unga mweupe ukaanza kutoka kuzunguka skrubu za chuma.

Vya mpini wa mbao laini sikuhangaika navyo, mbao ikinywa maji inavimba na bapa linabana humo ndani.

Cha tatu ndo ninacho, loki ya mgongoni, ile iliyopata umaarufu na kisu cha Kimarekani, Buck 110 ya mwaka 1964, japo changu ni kopi tu ya sokoni. Jino la chuma linaingia kwenye pengo nyuma ya bapa, unalitoa kwa kubonyeza mgongo wa mpini. Mchanga unaingia huku pia lakini pengo unaliona, unachokonoa na kijiti, umemaliza. Plastiki ya mpini ilipasuka kilipoanguka kwenye jiwe la nanga, nikampelekea fundi wa vinyago akanibandikia mpingo, na mpingo bwana maji hauyataki, ni mzito mpaka unazama. Ulivyokuja laini ulikuwa unateleza, nikamrudishia akachora mistari ya kukatana kama msuko, sasa hata na ute haunitoki.

Jioni nakisuuza maji baridi, yasiyo na chumvi, nakikausha, tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Nilianza na mafuta ya nazi yakaganda kama gundi, usijaribu.

Kasoro yake kukifunga ni mikono miwili. Kwa hiyo samaki akishika nakiacha wazi nimekichomeka kwenye ubao, na mjomba kila siku analalamika namtobolea ngalawa.