Sura Niliyoingojea

Mdogo wangu ndiye aliyeniazima riwaya ya Twilight, akaja kujuta, maana nilipomrudishia kurasa zilikuwa zimeshaanza kuchomoka. Stephenie Meyer aliitoa mwaka 2005, ila mimi niliisoma filamu ikiwa inakaribia kutoka, Novemba 2008. Siku tunaingia ukumbini bado nilikuwa na moto wa kitabu. Nilijua hata nani anakaa na nani darasani.

Kulikuwa na sura moja niliyoitaka kuliko zote. Katika riwaya kuna siku mwalimu wa baiolojia anawaelekeza wanafunzi kupima makundi yao ya damu. Anamchoma mmoja kidole kuwaonyesha wenzake, na Bella, msichana mhusika mkuu, akaishiwa nguvu papo hapo, kwa sababu damu anaisikia hadi harufu yake. Anatolewa nje, analala chini kwenye ubaridi. Edward, kijana anayempenda, hakuingia kipindini siku hiyo (sababu tunazijua), na ndiye anayetokea na kumbeba mpaka kwa muuguzi, huku akimcheka njia nzima. Msichana asiyestahimili kuona tone la damu kaangukia kwa vampaya, mnyonya damu! Hata kama huyo vampaya anajizuia kwa damu ya wanyama, utani ni ule ule, na Meyer anaupitisha kimyakimya bila kuupigia debe. Kwangu mimi hapo ndipo wale wawili walipoanza kuwa watu. Wanataniana, wanabishana, binti ana aibu na hasira kwa wakati mmoja.

Taa zikazimwa. Kipindi cha kwanza cha baiolojia hakikuchelewa. Bella, yaani Kristen Stewart, anapita mbele ya feni, nywele zinapepea, na Edward, yaani Robert Pattinson, anaziba pua na mdomo kama mtu aliyekalishwa jirani na samaki aliyeoza. Nyuma yake kuna bundi aliyekaushwa, mabawa kayatandaza, na kamera imekaa mahali ambapo mabawa yale yanaonekana yameota kwenye mabega ya kijana. Nadhani tulitakiwa tumwone malaika. Ukumbi ulicheka, nami nikacheka, ila nikajipa moyo: siku ya damu inakuja.

Haikuja. Wanafunzi walipelekwa kutembelea nyumba ya kuoteshea mimea, hadithi ikasonga.

Kuanzia hapo nikawa mtazamaji mbaya, wa kuhesabu kilichoachwa. Riwaya nzima inasimuliwa na Bella, na raha yake iko humo kichwani mwake, anavyojiuliza na kujijibu, anavyomkasirikia Edward kwa kuwa mzuri kupita kiasi. Filamu ilimwachia sauti kidogo ya kusimulia, na mahali pa mawazo yale yote pakawekwa kutazamana. Anamtazama, naye anamtazama, msitu umepakwa rangi ya buluu, kinanda kinalia. Yale maswali mengi Edward anayomuuliza kitabuni, anataka kujua kila kitu chake mpaka mambo ya kipuuzi, yaliyeyuka. Na pale kijana anaposimama juani ngozi ikimetameta, jambo nililokuwa nimeliogopa kwa kulisoma tu, niliona jasho.

Haki yao niwape. Mchezo wa besiboli wakati wa radi, wimbo wa bendi ya Muse ukirindima, ulinisisimua kweli. Pale mwongozaji Catherine Hardwicke aliwaacha wacheze, wakawa na furaha usoni. Na Billy Burke, aliyecheza baba yake Bella, alipata kicheko cha halali. Binti anamwambia Edward yuko nje, anataka kumtambulisha. Mzee ameshika bunduki aliyokuwa akiisafisha, anaifunga kwa kishindo, ndipo anaruhusu kijana aingie. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwa huzuni pale, na hakuna aliyeikosa.

Tulipotoka mdogo wangu alikuwa juu ya mawingu.

“Kwa hiyo hukuipenda,” akasema. Uso wangu haujawahi kuficha kitu.

“Wameitupa siku ya damu.”

“Dada! Ulitaka watu wakae wanatazama wanafunzi wakitobolewa vidole?”

“Dakika tatu tu.”

“Dakika tatu za mtu kuzimia. Wangezitoa wapi?”

“Kwenye kutazamana. Humo kuna akiba ya kutosha.”

Akanuna kidogo, kisha akanieleza kwa uvumilivu kwamba kule kutazamana ndiko alikokwenda kukuona, tena angeongezewa. Mabishano yakaishia hapo, maana huwezi kumpokonya mtu kitu alichokifurahia.

Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 2009 alikwenda na rafiki zake. Aliporudi nikamuuliza kama safari hii wanaongea.

“Edward anaondoka mapema,” akanijibu. “Wewe utaipenda.”