Siku ambayo namba 79 ilitudanganya

Zilikuwa zimebaki siku mbili kukabidhi ripoti. Modeli iliyokaa vizuri kwenye data tangu asubuhi ikavunjika jioni, katika hatua ya mwisho kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kulinganisha sonona kati ya watu wasio na ugonjwa sugu na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Chombo kilikuwa PHQ-9, dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali hujibiwa kwa alama 0 mpaka 3, na jumla huanzia 0 hadi 27. Kishawishi cha kujumlisha tu kisha kulinganisha wastani ni kikubwa, na wengi hufanya hivyo. Lakini matatu kati ya maswali hayo yanauliza juu ya usingizi, uchovu na hamu ya kula, na figo zikifeli huvuruga yote matatu hata moyo ukiwa mkunjufu. Mgonjwa akiongezewa alama moja tu katika kila mojawapo, aliyekuwa na 8 anafika 11, na mpaka unaotumika sana katika kuchuja ni 10. Jumla haina habari alama zimetoka wapi.

Modeli ya kigeu fiche huuliza swali hilo. Inachukulia kwamba sonona yenyewe haionekani, ila inasukuma majibu tisa yanayoonekana, kila moja kwa uzito wake. Kila swali lina vizingiti vitatu: msukumo ukivuka cha kwanza, jibu linahama kutoka 0 kwenda 1, na kuendelea. Ikiwa vizingiti vya uchovu viko chini zaidi kwa wagonjwa, watu wawili wenye sonona ileile watajibu tofauti, na ulinganisho wa jumla unakuwa wa maembe na machungwa.

Kabla ya kuendesha lolote tulihesabu kwa kalamu digrii za uhuru, yaani taarifa zilizomo kwenye data ukitoa vigezo ambavyo modeli inavikadiria. Watu huiona kazi hii ya kizamani, kwa kuwa programu inazichapa yenyewe. Programu, hata hivyo, huchapa digrii za modeli uliyoiandika, na hiyo si lazima iwe ile uliyoikusudia. Maswali tisa yana mahusiano 36 ya jozi na vizingiti 27. Kwa makundi mawili ni taarifa 126. Modeli ya kwanza, ambayo haifungi kitu chochote kati ya makundi, inatumia vizingiti 54 na uzito 18, zinabaki digrii 54. Ya pili inafunga uzito uwe sawa kwa makundi yote na kuachia variansi (mtawanyiko) ya sonona katika kundi la pili, la wagonjwa: 62. Ya tatu inafunga na vizingiti. Kwa malipo, wastani wa sonona wa kundi la pili unaachiwa, pamoja na variansi za mabaki ya maswali yake tisa, yaani sehemu ya majibu isiyotokana na sonona. Zinabaki 79. Tukaandika kwenye karatasi: 54, 62, 79, tukaibandika pembeni ya skrini.

Mushkeli wa kwanza ulikuwa swali la tisa, lile la mawazo ya kujidhuru. Katika kundi lisilo na ugonjwa hakuna hata mmoja aliyejibu 3. Kundi moja likawa na vizingiti vitatu na lingine viwili, na lavaan, kifurushi tulichokitumia cha R (programu ya takwimu), kikagoma. Dawa yake inajulikana: unganisha 2 na 3 kuwa kapu moja, na ufanye hivyo kwa makundi yote mawili, si kwa lile lenye upungufu peke yake. Tukaunganisha, modeli ikakubali, hatua mbili za mwanzo zikatoa 54 na 62 kama karatasi ilivyosema. Furaha ikatufanya tusihesabu upya.

Hatua ya tatu ikachapa 79. Sawasawa na karatasi. Ila vipimo vya ulinganifu, vinavyoonyesha modeli inakaa vizuri kiasi gani kwenye data, vilikuwa vimeharibika: CFI, ambayo hutakiwa iwe juu, imeshuka mno kupita ile 0.01 inayovumiliwa kati ya hatua na hatua, na RMSEA, ambayo hutakiwa iwe chini, imepanda. (Mipaka iliyozoeleka, 0.95 kwa CFI na 0.06 kwa RMSEA, ilijengwa kwa data za mfululizo, zisizo na ngazi. Kwa majibu ya ngazi nne vipimo hivi huwa vipole kuliko inavyostahili, kwa hiyo vikipiga kelele ujue mambo ni mabaya kweli.) Tofauti za kai-mraba, kipimo kingine cha ulinganifu, nazo hazipatikani kwa kutoa moja kwenye nyingine pale unapotumia DWLS yenye marekebisho, njia ya kukadiria majibu ya ngazi. Kuna jaribio lake la kusawazisha, na nalo likasema hapana.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho kinachofanywa na wengi, na ndicho kilichotupotezea saa sita. Tukaitisha jaribio la kufungua vifungo, lavTestScore, tuone ni kizingiti kipi kinacholalamika. Uchovu ukaja juu, ukafuatwa na usingizi. Tukatabasamu, kwa sababu ndivyo nadharia ilivyotabiri. Tukaviachia. Ikaja hamu ya kula, tukaiachia. Kisha umakini. Kisha huzuni. Kufikia saa nne usiku tulikuwa tumefungua maswali matano kati ya tisa, na mmoja wetu ameshaanza kuandika sentensi ya kusikitisha kwamba PHQ-9 haifai kulinganisha makundi haya.

Kilichotusimamisha kilikuwa mwelekeo. Tulipovipanga vizingiti vyote vilivyofunguliwa, vya wagonjwa vilikuwa chini katika kila swali. Uchovu unaeleweka. Lakini kwa nini huzuni? Kwa nini umakini? Figo haziwezi kuwa na hila na kila swali kwa upande uleule. Maswali yote yakiegemea upande mmoja, kinachohama si maswali. Ni kile kilicho nyuma yao.

Hapo ndipo tukafungua jedwali lote la vigezo, mstari kwa mstari, badala ya muhtasari. Wastani wa sonona, kundi la kwanza: 0.000. Ndivyo inavyotakiwa, ni nanga. Kundi la pili: 0.000, na mahali pa kosa sanifu, kipimo cha mashaka ya makadirio, pamebaki patupu. Kigezo kisicho na kosa sanifu hakijakadiriwa; kimegandishwa. Tulikuwa tumeandika modeli kwa mkono, tukanakili mistari ya hatua ya pili, na ile sifuri ikaja nayo. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumeiambia modeli kwamba makundi yana sonona sawa kabisa, tena tumefunga vizingiti. Tofauti halisi ilikosa pa kutokea, ikapenya popote ilipopata ufa. Na lavTestScore, usipoiongezea maagizo, hupima vifungo vya usawa tu. Kigezo kilichogandishwa kwenye sifuri hakimo katika orodha yake, kwa hiyo mkosaji halisi hakuweza kutajwa.

Na ile 79 je? Kuunganisha makapu ya swali la tisa kulipunguza kizingiti kimoja kwa kila kundi. Taarifa zilikuwa 124, si 126. Modeli sahihi ya tatu ilipaswa kuwa na digrii 78. Wastani uliogandishwa uliongeza moja. Kosa moja likafunika pengo la lingine, na karatasi iliyobandikwa ili itulinde ikawa shahidi wa uongo. Hatua mbili za kwanza hazikuathirika kwa sababu vizingiti vilivyo huru hujifuta vyenyewe: vikipungua kwenye taarifa, vinapungua vilevile kwenye vigezo.

Tukafuta sifuri, tukarudisha vifungo vyote, tukaendesha upya. Digrii 78. Ulinganifu ukapanda, ingawa haukufika tulipotaka, na safari hii waliolalamika walikuwa wawili tu: uchovu na usingizi. Hamu ya kula ilinyamaza.

Kuviachia vizingiti vya swali kuna sharti moja linalosahaulika: variansi ya mabaki ya swali hilo katika kundi la pili irudishwe kuwa 1. Ukiiacha huru pamoja na vizingiti, kifungo cha uzito kinabaki cha jina tu, maana modeli itabadili skeli ya swali itakavyo. Kwa maswali mawili unaongeza vizingiti sita na kurudisha mabaki mawili, kwa hiyo 78 inashuka hadi 74. Safari hii tulihesabu kwanza, tukiwa na chai mkononi na karatasi mpya, ndipo tukaendesha. Ikatoka 74.

Wastani wa wagonjwa ukasomeka kwenye mstari wake, na kosa sanifu pembeni. Ulikuwa juu ya sifuri, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile iliyoonyeshwa na jumla ya alama. Sentensi ya kusikitisha ikafutwa. Mahali pake tukaandika kwamba maswali saba yanapima sawasawa katika makundi yote mawili, tukayataja mawili yasiyopima hivyo, na tukaeleza kwamba ngazi za juu za swali la tisa zimeunganishwa na kwa nini.