Nilivyoielewa elektrokadiogramu kwa penseli na karatasi ya milimita

Mwaka wa kwanza wa utabibu hapa Bukavu, biofizikia ndiyo inayochuja watu. Somo linatolewa kwa Kifaransa, sisi tunalijadili kwa Kiswahili jioni, na kwenye elektrokadiogramu, yaani mchoro wa umeme wa moyo, wengi walikuwa wakiimba tu majina ya mawimbi yake: P ni atiria (vyumba vya juu vya moyo), QRS ni ventrikali (vyumba vya chini), T ni ventrikali kutulia. Ukiuliza kwa nini, kimya. Mimi nikikariri hakinikai kitu, basi nikanunua karatasi ya milimita kwenye soko la Nyawera na kuanza kuchora.

Chini niliweka mchoro wa moyo kwa kipimo cha mashine: milimita 25 kwa sekunde, milimita 10 kwa milivolti. Juu yake, kwa muda uleule, nikachora volti ya seli moja ya ventrikali. Inaanzia kama -90 milivolti, sodiamu inaingia, volti inaruka ghafla. Kisha inabaki juu, kwa kuwa kalsiamu inaingia huku potasiamu ikitoka, na inatulia baada ya takriban sekunde 0.3. Seli ya msuli wa paja huyamaliza yote hayo kwa milisekunde chache. Ndiyo maana paja hukakamaa likipigwa umeme mfululizo, na moyo haukakamai: kabla haujatulia haupokei amri mpya.

Hapo nikaona QRS imekaa chini ya mruko, na ile sehemu bapa kabla ya T iko chini ya muda ambao seli zote ziko juu. Mashine husoma tofauti kati ya sehemu moja ya moyo na nyingine. Ruzizi inatiririka kwa sababu Kivu iko juu kuliko Tanganyika. Maziwa yangelingana, mto ungesimama. Seli zikilingana, kalamu inalala.

Iliyonikosesha usingizi ni T. Kutulia ni kinyume cha kuruka, sasa mbona T inatazama juu kama R, ile ncha ndefu ya QRS? Kitabu kilipita hapo haraka mno, kwa maoni yangu. Nikachora seli mbili, ya upande wa ndani wa ukuta wa ventrikali na ya upande wa nje. Ya nje huamka mwisho, lakini hukaa juu muda mfupi zaidi, hivyo hutulia kwanza. Nikatoa volti ya nje kwenye ya ndani, milimita kwa milimita: R ikatokea, ubapa ukatokea, halafu T, ikitazama juu yenyewe.

Kwenye mtihani wa mdomo asistanti aliniuliza hilohilo. Nikaomba chaki.

Somo la jicho halikunichosha. Mhimili uleule wa muda, seli moja ya fimbo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga: gizani iko karibu -40 milivolti, sodiamu ikiingia bila kukoma, mwanga unafunga milango ya sodiamu na volti inashuka kuelekea -70. Wenzangu walibisha kwamba nimegeuza mchoro.