Agosti 23: Siku Moja Lindoni

Saa 10 alfajiri huwa nimekwishatoka nyumbani Chamazi, kwa kuwa zamu yangu katika tawi moja la benki maeneo ya Posta, Dar es Salaam, huanza saa 12 kamili, na mlinzi akichelewa anayeumia ni mwenzake aliyekesha. Mimi si polisi, ni mlinzi wa kampuni binafsi, lakini lango lile tunalilinda pamoja na askari polisi wenye silaha, na leo ni tarehe ambayo sisi wa njia ya Mbande hatuisahau. Jioni ya Jumanne, Agosti 23, 2016, askari wanne waliuawa kwa risasi nje ya tawi la benki pale Mbande, katika muda wa kubadilishana lindo.

Saa 11 daladala la pili, kutoka Rangi Tatu, linapita Kurasini kwenye kambi ya polisi ya Barabara ya Kilwa. Katika viwanja vile ndipo walipoagwa askari wanane waliouawa Aprili 13, 2017 huko Kibiti, mkoani Pwani, gari lao liliposhambuliwa wakitoka kazini. Magazeti yalichapa majina yao kama kawaida ya jeshi, kila jina likitanguliwa na herufi, namba na cheo, na nakumbuka kwamba wengi wao walikuwa makonstebo, yaani watu wa ngazi ya chini kabisa, wale wanaotumwa kusimama getini na vizuizini.

Saa 12 tunakabidhiana: funguo, rungu, kifaa cha kukagulia wateja na kitabu cha matukio, kisha saini. Asubuhi yote hadi adhuhuri ni foleni na wateja wanaochukia kufunguliwa mikoba.

Saa 7 mchana nakwenda kwa mama lishe kula wali na maharage, na njiani nakatiza penye Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927, ambapo yule askari wa shaba ameelekeza singe yake bandarini. Wageni hupiga picha, na ni haki yao, ila yule ni mwanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyekufa vitani. Wa kwetu hawakufa vitani. Wale wanne wa kituo cha Stakishari, Ukonga, waliouawa pamoja na raia usiku wa Julai 12, 2015, walikuwa kituoni mwao wakihudumia watu, na silaha zikaporwa. Wale watatu wa Agosti 25, 2021 waliuawa na mtu mmoja mwenye silaha mchana kweupe, katika Barabara ya Ali Hassan Mwinyi karibu na ubalozi wa Ufaransa, na wa nne wao alikuwa mlinzi wa kampuni binafsi kama mimi. Huyo wa nne watu humsahau wanapohesabu, jambo ambalo huniudhi. Sidai wachongewe sanamu. Ningependa majina yao, na la mlinzi yule likiwemo, yasomwe kwenye paredi ya asubuhi kila tarehe hizo zinapofika, kabla watu hawajagawiwa malindo.

Saa 9 benki inafungwa kwa wateja, na koplo wa zamu, ambaye aliwahi kufanya kazi na mmoja wa marehemu wa Mbande, anakuja kivulini.

"Mzee, umekumbuka leo?"

"Nimekumbuka, afande."

Ananieleza kwamba yule rafiki yake alikuwa na kawaida ya kufika lindoni mapema ili mwenzake awahi gari la nyumbani. Halafu anarudi mahali pake, kwani huu si muda wa mazungumzo marefu.

Saa 12 kasoro gari la polisi linaleta zamu ya usiku. Safari hii kuna konstebo mpya, kijana aliyetoka chuo cha Moshi karibuni, anayemwamkia kila mtu shikamoo na kusimama nyuma kabisa ya gari huku wenzake wakishuka. Koplo anamshika bega.

"Mdogo wangu, usisimame hapa hata siku moja. Wakati wa kushuka, wewe simama pale kwenye nguzo, uangalie barabara yote, na mimi siondoki kwenye nafasi yangu mpaka wewe umeshika yako."

"Sawa, afande. Kwa nini pale?"

"Mbande," anajibu koplo, na anaanza kumsimulia hapohapo, akimwonyesha kwa kidole gari lingesimama wapi na askari wangekuwa wapi, huku mimi nikimkabidhi mwenzangu funguo na kutia saini kitabuni.