Nilivyofunga dishi la mota, na nguzo iliyonichelewesha wiki tatu

Nilikuwa na dishi la mita 1.8 lililokaa miaka likitazama setelaiti moja tu. Nikitaka nyingine ilibidi nipande na spana, nilegeze bolti, nilisukume kwa bega huku mtu ndani akinipigia kelele: imekuja, imepotea, rudi kidogo! Siku moja nikasema basi, nalifungia mota.

Vilivyohitajika ni viwili. Mkono wa mota wa volti 36, yaani lile bomba linalorefuka na kufupika likisukuma dishi, na kontrola, kisanduku kinachokaa kati ya risiva na dishi. Risiva peke yake haiwezi kuendesha mkono huo, kwa sababu kwenye kebo ya LNB, kile kichwa kinachonasa mawimbi mbele ya dishi, inatoa volti 13 au 18 tu. Kazi yake ni kutuma amri za DiSEqC, yaani lugha ambayo risiva hutumia kuamuru vifaa vya dishi, kwenye kebo hiyohiyo. Kontrola inazipokea, kisha yenyewe ndiyo inayotoa umeme wa kuzungusha mota. Kutoka kwenye kontrola hadi kwenye mkono nilivuta nyaya nne, mbili nene za mota na mbili nyembamba za sensa. Ndani ya mkono, sensa ni swichi ndogo inayojifunga na kufunguka kila sumaku inapopita mbele yake, na kontrola inahesabu mipigo hiyo. Haijui setelaiti wala digrii. Inachojua ni namba ya mipigo.

Vyuma nilivifunga kwa siku moja. Setelaiti ya katikati, ile inayokaribiana zaidi na longitudo yangu, ilikuja ikiwa na nguvu. Nikasogeza mashariki, nikapata tatu, ingawa ya mwisho ilikuwa imepungua. Nikageukia magharibi: mbili dhaifu, halafu kimya kabisa.

Nikailaumu LNB, nikaibadilisha. Nikailaumu kontrola, nikafungua nyaya zote na kuzifunga upya. Nikaigeukia risiva, nikairudisha ilivyotoka kiwandani, na orodha yangu yote ya chaneli ikafutika. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Mwishowe niliacha rimoti nikaanza kuwaza upya. Setelaiti hizi zote ziko juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, na ukizitazama kutoka chini zimejipanga kama upinde. Dishi la mota haliitafuti kila setelaiti peke yake. Linazunguka kwenye mhimili mmoja na kuchora upinde wake, na kazi yote ni kuulaza upinde huo juu ya ule wa angani. Mhimili ukikosea, pinde mbili zinakutana katikati na kuachana pembeni, na hakuna menyu ya risiva inayoweza kurekebisha hilo. Tena kwenye masafa ya Ku, yale yanayotumiwa na chaneli nyingi za setelaiti, dishi la ukubwa wangu linaona upana wa digrii moja hivi. Ukikosea digrii moja tu, umeshapoteza picha.

Nikapanda, nikapeleka dishi magharibi kabisa, nikashika ukingo wa juu na kuuvuta nyuma kidogo. Mawimbi yakapanda palepale. Kumbe upande ule dishi lilikuwa linatazama chini mno! Mashariki ikawa kinyume: nikiusukuma ukingo mbele, yanaongezeka. Hapo nikachukua pima maji na kuiegemeza kwenye nguzo. Mara ya kwanza niliipima upande mmoja tu, nikaridhika. Safari hii nilipima na upande wa pili, robo mzunguko kutoka ule wa kwanza, nikaona nguzo imelalia magharibi. Kwa macho usingeona lolote. Nililegeza bolti za kitako, nikaweka vipande vyembamba vya bati chini, nikakaza, nikapima tena pande zote mbili.

Kosa la pili lilikuwa dira. Dira inaelekea kaskazini ya sumaku, ambayo si lazima ilingane na kaskazini ya kweli, na mhimili wa dishi unataka ile ya kweli. Isitoshe, chuma cha nguzo chenyewe kilikuwa kinavuta sindano. Njia niliyoipenda ni kivuli. Tafuta saa ya kuchomoza na kuzama jua kwa siku hiyo, chukua muda wa katikati, na dakika hiyo kivuli cha nguzo iliyosimama wima kinalala sawasawa kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Nikachora mstari kwa chaki, nikazungusha mhimili wote mpaka ukaufuata.

Kuna pembe nyingine ndogo ambayo watu huiruka: dishi lazima liinamishwe kidogo kuelekea ikweta kuliko mhimili wake, kwa kuwa sisi tuko juu ya uso wa dunia, si kwenye kitovu chake. Kwenye latitudo ya digrii 10 haifiki digrii 2, kwenye 30 ni karibu 5, kwenye 50 imezidi 7. Tumia kipimo cha pembe, usikisie.

Magharibi yote ikafunguka. Nikahifadhi namba za kila setelaiti, nikalala kwa furaha. Baada ya siku chache namba zikaanza kuhama: naita setelaiti ileile, dishi linasimama pembeni yake. Nyaya za sensa nilikuwa nimezifunga pamoja na za mota kwa urefu wote, na kelele za umeme wa mota zilikuwa zinaingia humo na kuhesabiwa kama mipigo. Nilivuta kebo mpya ya sensa yenye wavu wa kinga, nikaunga wavu huo kwenye ardhi upande wa kontrola pekee, nikaipitisha mbali na zile nene. Kuhama kukakoma.

Kabla ya kuhifadhi tena niliweka mipaka ya mashariki na magharibi kwenye kontrola, ili mkono usisukume mpaka ukajikunja au ukakwama. Pia niligeuza tundu dogo la mkono litazame chini, maana ndilo linalotoa maji ya mvua.

Namba nimeziandika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha kontrola. Ziko tisa, na ya mwisho ni ile ya magharibi kabisa.